Bega Lisiloinuka: Ni Lini Tunahitaji Picha ya MRI yenye Dawa?

   Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama una kazi mkononi endelea nayo, lakini tega sikio.

Leo tunazungumza kuhusu bega. Haya ni maumivu ambayo mama huyabeba kimya kimya. Bega linauma usiku kucha, lakini asubuhi anaamka, anachota maji, anambeba mtoto na kwenda shambani. Akiulizwa anasema, "Ni mshipa tu umeshika." Miezi inapita. Siku moja anataka kuanika nguo kwenye kamba na mkono unakataa kupanda. Hapo ndipo jamaa wanashtuka. Mmoja anasema, "Mpelekeni akapigwe MRI." Mwingine anaongeza, "Iwe ile ya kudungwa dawa, ndiyo inaona kila kitu." Na familia inaanza kutafuta ng'ombe wa kuuza.

Ninataka tuelewane juu ya mambo mawili. La kwanza: kano ya bega ikichanika ghafla, kukaa nayo nyumbani kunaweza kukupotezea nafasi ya kupona vizuri. La pili: MRI yenye dawa ni kipimo kizuri, lakini si kila bega linaihitaji, na si mahali pa kuanzia. Ukiyashika hayo mawili, hutachelewa, na wala hutauza ng'ombe bure.

BEGA LIMEJENGWAJE?

Weka mkono wako wa kulia juu ya bega la kushoto. Ndani hapo, mfupa wa mkono una kichwa cha mviringo kama mpira. Mpira huo umekaa kwenye kisahani kidogo cha mfupa wa bega. Kwa kuwa kisahani hakina kina, mkono unaweza kuzunguka pande zote: kuchana nywele, kufunga leso mgongoni, kutwanga, kupalilia.

Kinachoushika mpira huo usitoke ni misuli minne. Kila msuli unaishia kwa kamba ngumu, nyeupe, iliyojishikiza kwenye mfupa wa mkono. Kamba hiyo ndiyo kano. Ukichinja kuku, watoto huchukua mguu, wakavuta ule uzi mweupe na vidole vya kuku vikajikunja. Uzi ule ni kano. Si mshipa wa damu, na si mshipa wa fahamu. Kazi yake ni kuvuta mfupa msuli unapokaza. Ikikatika, msuli unakaza bure na mkono hauendi popote.

Kano za bega huharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kulika polepole, kama kamba ya kisima inayosuguana na jiwe kila siku. Hii huanza kuonekana baada ya miaka 40, hasa kwa wanaofanya kazi za kuinua mikono juu, kama kupaka rangi nyumba, kupakia miwa kwenye trela, au kupandisha magunia. Njia ya pili ni ghafla: umeanguka na boda boda, umeteleza kwenye matope ukiwa na mtungi, au umedaka mzigo mzito uliokuwa unaanguka. Wakati mwingine njia zote mbili hukutana. Kamba iliyokwisha kulika inakatika kwa mvuto mdogo tu.

Mchaniko nao si wa aina moja. Kuna kano iliyochanika nusu, kama kitambaa kilichoanza kufumuka, na kuna iliyochanika kabisa kutoka juu hadi chini. Tofauti hii ikumbukeni, kwa sababu tutairudia tukifika kwenye vipimo.

DALILI NA JARIBIO LA NYUMBANI

Mama mwenye kano iliyochanika mara nyingi atakuambia hivi: maumivu yako juu na upande wa nje wa bega, yanazidi usiku akilalia upande ule, na yanachoma mkono unapofika usawa wa bega. Anashindwa kufikia rafu, kufunga sidiria, au kumwinua mtoto kutoka kitandani.

Kuna jaribio rahisi ambalo waweza kulifanya, mradi tu hujaanguka siku hizo za karibuni. Kama umeanguka, usilazimishe mkono. Huenda mfupa umevunjika au bega limeteguka. Jaribio ni hili. Simama, inua mkono unaouma kwa nguvu zake wenyewe. Kumbuka umefika wapi. Kisha uinue tena, safari hii ukisaidiwa na mkono mwingine au na mtu wa nyumbani.

Kama ukisaidiwa mkono unapanda vizuri, lakini ukiachwa peke yake unaanguka au unatetemeka, inawezekana kano imechanika. Kama hata ukisaidiwa haupandi, umekakamaa kama mlango wenye kutu, huenda ni bega lililoganda. Ugonjwa huo wa bega kuganda huwapata sana watu wenye kisukari, na matibabu yake ni tofauti. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari. Linakusaidia kumweleza vizuri.

KWA NINI TUSICHELEWE?

Wasikilizaji wapenzi, kano iliyokatika kabisa haingoji. Msuli unaivuta irudi nyuma, kama mpira wa manati uliokatika. Kadiri miezi inavyopita, msuli usiofanya kazi unanyauka na mafuta yanaingia mahali pake. Daktari wa upasuaji akifungua baada ya muda mrefu anaweza kukuta kano haifiki tena kwenye mfupa, au ikishonwa haishiki. Kwa hiyo mtu aliyeanguka na mkono ukakataa kuinuka anatakiwa kuonekana mapema, ikiwezekana siku hiyo hiyo.

Mara nyingi hospitali itaanza na eksirei. Ikionyesha mifupa ni mizima, utapewa dawa na kitambaa cha kuning'iniza mkono. Lakini hapa ndipo wengi hupotea. Wanaambiwa "hakuna mfupa uliovunjika," wanafurahi, hawarudi. Eksirei haionyeshi kano! Kama wiki mbili zimepita tangu uanguke na mkono bado hauna nguvu ya kuinuka, rudi. Sema wazi: "Mifupa iko sawa, lakini mkono hauinuki." Maneno hayo yatamfanya mhudumu afikirie kano.

VIPIMO VINAPANGWAJE?

Kipimo cha kwanza ni masikio na mikono ya mhudumu. Akikuuliza maswali mengi na kuuzungusha mkono wako, usifikiri anapoteza wakati. Mara nyingi hapo ndipo jibu linapopatikana.

Cha pili ni eksirei, ya kuangalia mifupa na maungio.

Cha tatu ni altrasaundi, kipimo kile kile mnachokijua kwenye kliniki ya wajawazito, ila safari hii kinapitishwa juu ya bega. Hakina miale na bei yake ni nafuu kuliko MRI. Kikifanywa na mtu aliyefunzwa kupima mabega, kinaiona vizuri kano iliyochanika kabisa. Tangu mwaka 2015, serikali ilipeleka mashine za eksirei na altrasaundi katika hospitali mbili za kila kaunti, kwa hiyo mashine zenyewe haziko mbali sana nasi. La kuuliza ni kama yupo mtaalamu wa kupima bega.

Cha nne ni MRI ya kawaida, bila dawa. MRI haitumii miale kama eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu nyingi pamoja na mawimbi kama yale ya redio mnayonisikilizia sasa. Wanasayansi Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao ya kuvumbua picha hizi. MRI huonyesha kano, misuli, na hata kama mafuta yamekwisha kuingia kwenye msuli. Hilo ni jambo muhimu kwa daktari anayepanga upasuaji.

Cha tano, na cha mwisho, ni MRI yenye dawa. Wagonjwa wengi hupata jibu kabla ya kufika hapa.

DAWA HIYO INAFANYA NINI?

Fikiria mtungi wenye ufa mdogo. Ukiwa mtupu, huuoni ufa. Ukiujaza maji, utaona mahali yanapopenyea. Ndivyo ilivyo kwa bega. Mtaalamu anaingiza dawa ndani ya kiungo, na dawa hiyo inang'aa kwenye picha ya MRI. Kano ikiwa nzima, dawa inabaki ndani. Kano ikiwa imetoboka, dawa inapenya na kutokea upande wa pili. Hata mchaniko wa nusu, ambao MRI ya kawaida na altrasaundi huweza kuukosa, huonekana vizuri zaidi kwa njia hii.

Dawa yenyewe imetengenezwa kwa madini yanayoitwa gadoliniamu, na huchanganywa na maji ya chumvi iwe nyepesi sana. Utalazwa, ngozi ya bega itasafishwa, utadungwa sindano ya ganzi. Kisha mtaalamu ataelekeza sindano nyembamba hadi ndani ya kiungo akitazama kwenye eksirei au altrasaundi. Dawa inayoingia ni kama mililita 10 hadi 15, yaani vijiko viwili au vitatu vidogo vya chai. Utahisi bega limejaa. Baada ya hapo unapelekwa kwenye MRI bila kukawia, kabla dawa haijafyonzwa.

Kuna njia nyingine ambapo dawa hupitishwa kwenye mshipa wa damu mkononi. Kwa kawaida njia hiyo hutumiwa zaidi daktari anaposhuku maambukizi au uvimbe. Kwa hiyo ukiambiwa "MRI yenye dawa," uliza: "Dawa itaingia kwenye bega au kwenye mshipa wa damu?" Una haki ya kujua.

NI NANI ANAYEIHITAJI?

Tuchukue mifano miwili.

Mama wa kwanza ana miaka 62. Bega limemsumbua mwaka mzima, hakuanguka, na mkono bado unainuka ingawa unauma. Huyu aanze na dawa za maumivu kwa maagizo ya daktari, na mazoezi ya viungo kwa wiki 6 hadi 12. Mkumbuke kwamba watu wengi waliopita miaka 60 wana mchaniko kwenye kano na hawahisi maumivu yoyote. Akipigwa MRI leo, picha inaweza kuonyesha mchaniko, lakini matibabu yatabaki yale yale ya mazoezi. Pesa za kipimo zimtoe nauli ya kwenda mazoezini.

Mama wa pili ana miaka 38. Alianguka na boda boda wiki tatu zilizopita. Eksirei ni safi. Mkono unaning'inia. Huyu asipoteze siku. Altrasaundi au MRI ya kawaida itatosha kuonyesha kano iliyokatika kabisa. Lakini kama picha hizo hazikutoa jibu na mkono bado dhaifu, au daktari anashuku mchaniko wa nusu au kuchanika kwa ukingo wa kile kisahani cha mfupa, hapo MRI yenye dawa ina kazi yake.

Swali la kumwuliza daktari ni moja: "Majibu ya kipimo hiki yatabadilisha matibabu yangu vipi?" Akikujibu, "Yataamua kama tutakupasua au la," kipimo kina maana. Usiogope kuuliza. Uliza kwa heshima, na utajibiwa.

TUKITUMWA ELDORET

Kwa sisi wa Bungoma na Kitale, safari ya MRI mara nyingi huelekea Eldoret, ambako iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Usiende kwa kubahatisha. Anzia hospitali ya karibu, iwe ni Bungoma, Webuye au Kitale, upate barua ya rufaa. Piga simu uhakikishe mashine inafanya kazi siku hiyo na kwamba kuna mtaalamu wa kuingiza dawa kwenye kiungo. Beba eksirei na picha zako zote za zamani.

Kuhusu malipo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Jiandikishe kabla hujaugua, na uhakikishe michango imelipwa. Kabla ya siku ya miadi, uliza ofisi ya bima hospitalini: kipimo kinalipiwa? Kwa kiasi gani? Kinahitaji idhini ya mapema? Safari mbili za bure kwenda Eldoret zinauma kuliko bega lenyewe.

Siku ya kipimo, acha vyuma vyote nje: heleni, mkufu, pini za nywele na za leso, wigi lenye vibanio, sidiria yenye waya, simu na sarafu. Sumaku ile haizimwi, na chuma kinaweza kuruka kama risasi. Mwambie mhudumu kama una kifaa cha moyo, chuma cha kuungia mfupa, kipande cha risasi mwilini, au kama uliwahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni. Ndani ya mashine utalala bila kusogea kwa nusu saa au zaidi, na kelele zake ni kama mtu anayegonga mabati. Utapewa vya kuziba masikio, na kitufe cha kuita ukizidiwa na hofu.

Baada ya sindano, bega linaweza kuuma siku moja au mbili. Usibebe mizigo siku hizo. Ukipata homa, bega likawa jekundu, la moto, na maumivu yanazidi, rudi hospitali mara moja. Maambukizi ni nadra, lakini hayangoji.

MASWALI MNAYOULIZA

"Sista, mimi ni mjamzito. Nifanyeje?" Mama, sema mapema. Dawa ya gadoliniamu huepukwa wakati wa ujauzito isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Bega kwa kawaida linaweza kungoja, au kupimwa kwa altrasaundi.

"Ninanyonyesha. Nimwachishe mtoto?" Hapana. Dawa inayofika kwenye maziwa ni kidogo mno, na tumbo la mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya hiyo. Endelea kunyonyesha.

"Nina koili. Nina kijiti cha kupanga uzazi mkononi." Usikitoe. Waambie tu wahudumu ni cha aina gani, na beba kadi yako ya kliniki.

"Nina shida ya figo." Hili ni muhimu sana. Figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini. Kwa mtu mwenye figo zilizodhoofika sana, baadhi ya dawa za gadoliniamu zikipitishwa kwenye damu zimesababisha ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa. Ukiwa na kisukari, presha au ugonjwa wa figo, sema, upimwe damu kwanza. Sema pia kama uliwahi kupata mzio wa dawa ya picha.

"Nimekuwa nikinunua diklofenaki kwenye duka la dawa kila wiki." Mama yangu, pole, lakini punguza mwendo. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo. Mwambie daktari umezitumia kwa muda gani.

"Naweza kukandwa?" Ikiwa umeanguka, usikandwe wala kuvutwa mkono kabla ya eksirei. Kano iliyochanika nusu ikivutwa kwa nguvu inaweza kumalizika. Usifunge mkono wiki nyingi pia, maana bega litaganda. Daktari akiruhusu, inama kidogo, mkono uning'inie, uutikise taratibu kama timazi ya saa.

MAUMIVU YA BEGA YASIYO YA BEGA

Kabla sijaaga, sikilizeni hili vizuri. Mwanamke aliyekosa hedhi, ana maumivu ya tumbo, kizunguzungu, na ncha ya bega inauma, huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na anavuja damu ndani. Huyo si wa MRI. Ni wa kukimbizwa hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo, maumivu ya bega la kushoto pamoja na kubanwa kifua na kutokwa jasho ni dalili ya moyo. Na mtoto mdogo asiyetaka kutumia mkono, mpelekeni akaonekane siku hiyo hiyo. Kwa watoto kano huchanika kwa nadra. Huenda ni mfupa umevunjika au una maambukizi.

TUKUMBUKE

Mkono usioinuka baada ya kuanguka: hospitali mapema. Eksirei safi haina maana kano ni nzima; wiki mbili zikipita bila nguvu, rudi. Altrasaundi na MRI ya kawaida hutosha kwa wengi. MRI yenye dawa ni ya swali ambalo vipimo vingine vimeshindwa kujibu, na ambalo jibu lake litabadilisha matibabu. Kabla ya dawa, taja mimba, figo, mzio na vyuma.

Mama, bega lako ndilo linalobeba maji, kuni na mtoto. Usilifiche. Mweleze mhudumu wa afya wa kijiji chako akuelekeze. Na wewe baba unayesikiliza, mama akisema mkono hauinuki, mchukulie mtungi, kisha msindikize hospitali.